Khatima ya Hadithi na Mizani ya Nafsi

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, juu ya nyanda za Uha ambako zamani watawala wa Heru na Muhambwe walikuwa na makao yao, imezuka katika miaka hii aina ya huzuni ambayo wazee wengi hawaijui, na wakisimuliwa huihesabu kuwa ni utoto: huzuni ya kijana aliyeifuata hadithi moja ya katuni ya Kijapani tangu alipokuwa shule ya msingi, akazipata sehemu zake kidogo kidogo, leo katika kibanda umiza, kesho kwa flashi iliyojazwa dukani kwa wauza muvi, keshokutwa kwa kifurushi cha intaneti kilichonunuliwa kwa fedha ya kibarua, na hatimaye, sizoni ya mwisho ilipotimia, akainuka mbele ya kioo na moyo mzito, akiwaambia wenzake kwamba miaka yake yote imepotea bure.

Muradi wa makala haya ni kubainisha kwamba huzuni hiyo si utoto wala si upungufu wa akili, bali ni tokeo la kanuni za ubongo ambazo wataalamu wamezipima kwa saa na kwa kipimajoto. Na kwamba ile kauli ya kupotea bure, ingawa hutoka moyoni, ni hukumu isiyo ya insafu, kwa sababu hutolewa kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu, hali nafsi ya mwanadamu ina mashahidi wawili.

Tuitazame kwanza hadithi iliyoleta kilio kikubwa katika miaka ya karibuni, nayo ni Attack on Titan, iliyoanza kuchorwa na Hajime Isayama mwezi Septemba 2009, ikatolewa kama anime, yaani katuni ya Kijapani ya kutazamwa, kuanzia Aprili 2013, na ambayo sizoni yake ya mwisho, iliyofunguliwa Desemba 2020, ilikatwa vipande vipande hata ikamalizika Novemba 2023. Mtoto aliyeianza akiwa na umri wa miaka 10 siku ilipotoka, aliimaliza akiwa na miaka 20. Na iwapo alikuwa mkazi wa Kasulu au Kibondo, aliianza katika zama za umeme wa majenereta ya dizeli, na kabla haijaisha umeme wa gridi ya taifa ulikuwa umekwisha kuwasili. Kitabu chake kilipokoma Aprili 2021, wasomaji wengi walinung'unika kwamba shujaa waliyemfuata kwa miaka 11 hakumalizwa kwa namna aliyostahili; na mnamo Novemba 2022, mbele ya hadhira mjini New York, Isayama mwenyewe aliomba radhi kwa machozi, kisha, sehemu ya mwisho ya anime ilipotengenezwa, akayaandika upya baadhi ya mazungumzo yaliyolalamikiwa.

Jambo hili halikuanza na vijana wa leo. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes katika hadithi iliyochapishwa Desemba 1893, wasomaji wa Uingereza walimlaumu hata ikambidi, baada ya miaka, kumrudisha hai. Na huko Japani kwenyewe, mwisho wa Neon Genesis Evangelion uliorushwa katika televisheni Machi 1996 uliwaudhi watazamaji kiasi kwamba filamu yenye mwisho mwingine ilitolewa Julai 1997. Maadamu watu wa zama na lugha mbalimbali wameumia kwa namna moja, yatupasa kuitafuta sababu katika maumbile yao, wala si katika malezi ya kizazi kimoja.

Sababu ya kwanza ni kwamba ubongo haungoji furaha ifike ndipo uishughulikie, bali huikadiria mapema. Wolfram Schultz, mtaalamu wa ubongo aliyefanya uchunguzi wake mjini Fribourg, Uswisi, alizipima kwa kima chembe za ubongo zitoazo dopamini, akaona kwamba kima apewapo tone la maji ya matunda bila kutazamia, chembe zile huchangamka. Akizoea kwamba taa ikiwaka maji yatafuata, chembe huchangamka kwa taa, nayo maji yenyewe hayazitikisi tena. Na taa ikiwaka kisha maji yasije, chembe hunyamaza chini ya kiwango chake cha kawaida, katika wakati ule ule ambao maji yalikuwa yakitazamiwa. Katika andiko la mwaka 1997, Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba kinachopimwa hapo ni tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, mfano wa daftari la mwenye duka ambalo haliandiki mali yote aliyonayo, bali huandika ziada na upungufu tu. Basi kijana aliyekaa miaka 10 akipanga na wenzake nadharia juu ya siri za hadithi, kila nadharia ikiwa ni taa iliyowashwa, amejiwekea matarajio ambayo mwisho wa wastani, hata usio mbaya, utaonekana mbele yake kuwa hasara.

Sababu ya pili ni mapenzi. Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kwamba mtazamaji wa televisheni hujenga na watu wa kiooni urafiki wa upande mmoja, ambao hauna jibu kutoka upande wa pili lakini ndani ya moyo wa mtazamaji una uzito wa kweli. Kwa hiyo mwisho wa hadithi ndefu ni kufarikiana na jamaa. Na mwandishi akimfanya shujaa atende au aseme jambo lililo kinyume cha hulka yake, mtazamaji huona kuwa rafiki yake amesingiziwa, nayo ghadhabu yake ni ya mtu anayetetea heshima ya mwenzake.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo yenye kisa kikubwa zaidi, ni namna kumbukumbu inavyopima. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha mwaka 1993 jaribio ambalo kila mshiriki alitia mkono katika maji ya baridi mara mbili: mara moja kwa sekunde 60 katika maji ya nyuzi 14, na mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile zikifuatiwa na sekunde 30 zaidi ambazo maji yalipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni lipi wangependa kulirudia, washiriki 22 kati ya 32 walichagua lile refu, yaani walichagua maumivu mengi zaidi, kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Kahneman alitufundisha kuwa ndani ya mtu mna nafsi iishiyo, inayoonja kila dakika ilivyo, na nafsi ikumbukayo, ambayo haijumlishi dakika hizo, bali hushika kilele cha jambo na khatima yake, ikatoa hukumu kwa hayo mawili.

Hao ndio mashahidi wawili tuliowataja. Nafsi iishiyo ya kijana wa Kibondo ilipata jioni nyingi za shauku, wahka na kicheko pamoja na rafiki zake, na furaha hiyo ilikwisha kupokewa na kutumika, wala hakuna mwandishi wa Tokyo awezaye kuifuta. Nafsi ikumbukayo ndiyo isemayo kwamba yote yamepotea, nayo husema hivyo kwa kuwa ilikaa mlangoni ikaitazama sehemu ya mwisho peke yake.

Tena kuna uchunguzi wa Ed Diener na wenzake, uliotolewa mwaka 2001, ambao wasomaji walisimuliwa maisha ya mtu wa kubuniwa: maisha mema sana yaliyokatika ghafla yalionekana bora kuliko maisha hayo hayo yaliyoongezewa miaka ya wema wa kadiri. Wafanya biashara wa filamu, ambao huirefusha hadithi nzuri maadamu ingali na wanunuzi, wangelizingatia jambo hili wangeona kwamba kila nyongeza isiyo na nguvu huishusha thamani ile iliyotangulia.

Wasimulizi wetu wa kale waliujua uzito wa khatima bila kupima maji wala chembe. Katika hadithi za Unguja ambazo Edward Steere alizichapisha mwaka 1870, mna ada ya msimulizi kufunga hadithi kwa kusema kwamba wema wake ni wa watu wote, na ubaya ukiwamo ni wake peke yake. Kwa maneno machache alikuwa ameugeuza mwisho kuwa tendo la adabu, akawakabidhi wasikilizaji furaha yao kamili na kuitenga na kasoro za mtunzi. Isayama alipoomba radhi mjini New York aliufuata, pasipo kujua, mwenendo ule ule; na inatupasa kuipokea sehemu ya pili ya ahadi hiyo, yaani kwamba wema tuliokwisha kuupata ni wetu.

Nawanasihi basi vijana wa Kasulu, wa Kibondo, na wale wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambao hadithi hizi ni burudani yao ya jioni, wafanye kama watafiti wafanyavyo: waandike baada ya kila sehemu jinsi walivyoifurahia, ili siku ya mwisho nafsi iishiyo nayo iwe na hati ya kutoa mbele ya hukumu. Wakiudhika, wana haki ya kuudhika na kumkosoa mtunzi, kwa kuwa khatima mbovu ni kasoro ya kweli ya kazi. Lakini wamshitaki kwa khatima hiyo, wasimshitaki kwa miaka kumi. Na yule miongoni mwao ambaye leo anachora mashujaa wake mwenyewe katika daftari la shule, aamue wapi hadithi yake itakoma kabla haijapata wapenzi wa kumsihi airefushe.