Sanamu ya mungu aliye nusu mume, nusu mke

MIONGONI mwa sanamu nyingi za dini ya Kihindu, ipo moja ambayo humlazimu mtazamaji kuiangalia mara mbili. Mwili ni mmoja, lakini upande mmoja ni wa mwanamume na wa pili ni wa mwanamke. Huitwa Ardhanarishvara, jina la Kisanskriti lenye maana ya Bwana ambaye nusu yake ni mwanamke.

Kwa kawaida, nusu ya kulia ni mungu Shiva na ya kushoto ni mkewe, Parvati. Upande wa Shiva huwa na nywele zilizosokotana kama za mtawa, mwezi mwandamo kichwani na ngozi ya mnyama kiunoni. Upande wa Parvati una titi, bangili na nywele zilizopambwa, na vazi lake huteremka hadi karibu na kifundo cha mguu. Mkononi aghalabu hushika ua au kioo.

Umbo hili ni la kale. Wachongaji wa Mathura, kaskazini mwa India, walilichonga katika karne za kwanza baada ya Kristo. Kufikia karne ya 6, lilikuwa limechongwa katika miamba ya mapango ya Badami, jimboni Karnataka, na ya kisiwa cha Elephanta karibu na Mumbai. Mapango ya Elephanta yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1987.

Maana yake hufafanuliwa na kisa cha mtawa Bhringi, aliyeapa kumwabudu Shiva peke yake. Kila alipotaka kumzunguka mungu huyo kwa heshima, alimpuuza Parvati. Ndipo wawili hao wakaungana kuwa mwili mmoja. Bhringi naye hakukoma. Alijigeuza mdudu ili atoboe njia katikati yao. Parvati akamlaani, akapoteza nyama na damu, akasalia mifupa mitupu. Shiva alimhurumia, akampa mguu wa tatu wa kumtegemeza. Huko Badami, Bhringi amechongwa kando ya sanamu hiyo akiwa mifupa vivyo hivyo.

Funzo ni kwamba hakuna awezaye kumtukuza mmoja na kumdharau mwenzake. Katika mafundisho ya Kihindu, Shiva bila Shakti, yaani nguvu ya kike, hawezi kuumba chochote.

Hata hivyo, wataalamu hawakubaliani iwapo sanamu hii ni ishara ya usawa. Upande wa kulia, ambao katika mila za Kihindu ndio wa heshima, mara nyingi hupewa mume. Katika sanamu maarufu ya shaba kutoka Tiruvenkadu, iliyofuliwa karne ya 11 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chennai, Shiva ana mikono miwili ilhali Parvati ana mmoja tu. Hata jina lenyewe ni la Bwana, na mwanamke hutajwa kama nusu yake tu. Zipo sanamu chache ambazo mungu wa kike ndiye aliye kulia, nazo huhusishwa na waumini wanaomtukuza yeye zaidi.

Thamani ya sanamu hizi imezifanya ziandamwe na wezi. Mwaka wa 2004, jumba la sanaa la New South Wales, jijini Sydney, lilinunua Ardhanarishvara ya mawe kutoka kwa mfanyabiashara wa New York. Baadaye, picha za kale zilizohifadhiwa na Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry zilionyesha sanamu iyo hiyo ikiwa ukutani mwa hekalu la Vriddhachalam, Tamil Nadu. Septemba 2014, Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, Tony Abbott, aliikabidhi kwa mwenzake wa India, Narendra Modi.

Jijini Sydney ilikuwa kazi ya sanaa ya kutazamwa. Kwa waumini wa Vriddhachalam, ni mungu aliyekuwa ameng'olewa ukutani mwa nyumba yake.