Fleti moja, kufuli nne: kupanga pamoja Durban bila kugombana

Ndugu zetu mlioko Durban, hesabu mnaijua. Mkipanga wanne fleti moja ya Albert Park au kule Point, kodi inagawanyika na hela ya kutuma nyumbani inapatikana. Shida ni kwamba pazia halizibi masikio. Ukiongea na mama kwa simu, wote wanajua umetuma ngapi, na kesho wa kukopa wanaanzia kwako.

Sisi tuliwahi kuhama fleti kwa ugomvi wa umeme tu. Tulipopanga upya, tulikubaliana kabla ya kubeba magodoro.

Kwanza, kila mtu ana kabati lenye kufuli, na hata kwenye pazia unapiga hodi. Pili, jiko na meza ni vya wote. Umeme tunachangia kila wiki, na aliyetoa anaandikwa ukutani. Tatu, Jumapili tunakula pamoja. Hapo ndipo aliyekosa kazi anajulikana mapema, kabla hajalala njaa kimya kimya nyuma ya pazia lake.

Jambo la mwisho ni karatasi. Sheria ya nyumba za kupanga ya 1999 inamtaka mwenye nyumba atoe risiti na aweke dhamana yenu kwenye akaunti yenye riba. Mkimaliza mkataba bila deni wala uharibifu, inarudi na riba yake. Basi andikeni kila mmoja alitoa kiasi gani, wote msaini. Siku mmoja akihama, fungu lake linajulikana na mnaagana vizuri.