Kiwewe cha Kiamaiko: maradhi yenye jina na tiba

Sisi wa Pwani tuliokuja Nairobi kutafuta riziki na tukaangukia Eastlands, Kiamaiko twaijua kwa mambo mawili: nyama ya mbuzi na mlio wa risasi. Mbuzi huteremshwa kutoka Moyale, Marsabit na Isiolo, wakachinjwa hapo, nyama ikasambaa mji mzima. Ama risasi, nataka kuzungumzia kinachobaki baada ya mlio kwisha.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku tatu tu baada ya kafyu ya korona kuanza, mtoto Yasin Hussein Moyo, mwenye miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, akitazama polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu mtaani. Afisa mmoja alishtakiwa baadaye kwa mauaji. Dunia ikasikia, ikalaani, ikasahau. Hesabu ya habari ilikuwa mtu mmoja. Waliosikia mlio, walioteremka ngazi mbio, watoto waliolala macho usiku ule, hao hawakuhesabiwa.

Nina jirani huku, mama wa watoto watatu, aliyewahi kushuhudia kijana akipigwa risasi mbele yake. Hafungui dirisha la upande wa barabara. Pikipiki ikitoa mlio wa ghafla huwavuta wanawe chini ya kitanda, mchana kweupe. Mumewe asema ni woga. Shangazi yake asema ni jini, anyweshwe kombe. Mwenyewe aniambia, “Mwanangu, mimi naona kichwa changu kimeharibika.”

Hakijaharibika. Ana maradhi yanayojulikana, ambayo madaktari huyaita kwa herufi nne, PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya kiwewe. Yaliingizwa rasmi katika orodha ya maradhi ya akili ya Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini si ya wanajeshi pekee. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, Dakta Frank Njenga na wenzake waliwauliza watu zaidi ya elfu mbili walioathirika. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili zake.

Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Wakumbuka harusi ya dadako ukijua imepita. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe. Ikija, mwili waamini jambo latokea sasa hivi: moyo waenda mbio, jasho lakutoka, mikono yatetemeka. Ndiyo maana mgonjwa huota jambo lile lile, hukwepa njia ile, hushtuka kwa mlango kubamizwa, hukasirika bila sababu, au hufa ganzi hata kwa wanawe. Mtoto huweza kurudia kukojoa kitandani, au kucheza mchezo wa polisi na maiti kila siku. Wanaume wengi hujificha nyuma ya miraa na pombe, nasi twawaita walevi.

Majuma ya kwanza, hayo yote ni ya kawaida, na wengi hupoa wenyewe. Usimlazimishe mtu asimulie siku ile ile. Mpe maji, mlaze, kaa naye. Yakipita mwezi na bado hawezi kulala, kufanya kazi au kulea, basi yataka mtaalamu. Na vidonge vya usingizi vya kununua kichochoroni, vile ambavyo Mombasa twaviita bugizi, si tiba: humfunga mtu juu ya ugonjwa wake.

Kuna neno moja hapo ambalo mimi nalitilia shaka, nalo ni “baada”. Kiamaiko hakuna baada iliyo safi, kwani risasi nyingine yaweza kulia kesho. Kumwambia jirani yangu “usiogope, yamekwisha” ni kumdanganya. Tiba nzuri haimwondolei hadhari. Humfundisha mwili kutenganisha hatari ya leo na ile ya siku ile.

Hili lawezekana, hata penye dhiki. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, wala si madaktari. Katika mojawapo ya tiba zilizojaribiwa, mgonjwa husimulia maisha yake yote kwa mpangilio. Mara nyingi hutandazwa kamba sakafuni tangu kuzaliwa kwake: ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya. Kisha hurudi kwenye mawe, moja moja, polepole, mpaka kila jiwe lipate mahali na tarehe yake. Waliohudumiwa walipona kwa wingi kuliko wale ambao hali zao zilifuatiliwa tu. Zipo tiba nyingine za mazungumzo, na zipo dawa ambazo daktari huweza kuandika.

Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, haiko mbali na Kiamaiko. Najua jina hilo lavyotumiwa kutukania watu, lakini wengi huenda pale wakatibiwa na kurudi zao nyumbani jioni ile ile. Kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe pia chaweza kukuelekeza. Mombasa, kitengo cha akili kiko Port Reitz. Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa nambari 1199. Dua na kisomo viendelee. Havigongani na daktari.

Ukifika mbele ya daktari, usiseme tu “sipati usingizi”, maana waweza kupewa kidonge ukaondoka. Mwambie uliona nini, lini, na nini kimebadilika tangu siku hiyo. Ukiona ulimi utakuwa mzito, nenda na mtu anayeishi nawe, akusaidie kueleza.