Mvua Zikikaribia Kwisha, Tayarisha Mgongo Wako



Kila mwaka mwezi wa tano, mvua zikishakatika huku Katanga, dispansari hupokea wagonjwa wa namna moja siku ya Jumatatu asubuhi. Mmoja ameshika kiuno, mwingine bega, wa tatu anachechemea. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "Muganga, jana nilienda kucheza."

Wengi hucheza mpira wa miguu, nao wanajua kwamba unaumiza. Leo tuzungumze juu ya golfu, kwa sababu watu hudhani ni mchezo wa kutembea tu. Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf, na kati yetu wako wanaocheza siku ya mapumziko.

Mpira wa golfu hauzidi gramu 46. Lakini kichwa cha fimbo hufika kwenye mpira kwa mwendo unaopita kilomita 100 kwa saa, na nguvu hiyo hutoka katika kiuno kinachojipinda na kujikunjua kwa ghafula. Kumaliza mashimo 18 ni kutembea kilomita 8 au zaidi. Ndiyo sababu wachezaji wa kawaida huumia mara nyingi sehemu ya chini ya mgongo. Na mgongo huo huo ndio unaotikiswa juma zima juu ya kiti cha kamyo chimboni.

Nawaletea habari ya dereva mmoja niliyemtibu. Miezi yote ya mvua hakufanya zoezi lolote. Jumapili ya kwanza ya kiangazi akacheza mashimo yote 18. Jumatatu mgongo ulikuwa unamkata, lakini hakumwambia kapita wake, akiogopa kutolewa kwenye kamyo. Akanunua vidonge vya tramadoli sokoni, akameza viwili, akapanda kwenye usukani. Kabla ya saa sita mchana alikuwa anasinzia. Mwenzake aliona kamyo inayumba, akamwita kwa redio, naye akasimama. Siku ile hakuna aliyekufa. Lakini chini ya barabara ile kulikuwa na watu wanaofanya kazi, nao walikuwa na watoto nyumbani.

Huko Ulaya, wachezaji wenye busara hutumia majira ya kupukutika majani, kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 11, kuhesabu makosa ya msimu uliopita na kutayarisha mwili kwa msimu unaokuja. Kwetu wakati wa namna hiyo ni mwezi wa tatu na wa nne, mvua zinapopungua. Basi fanya hivi:

1. Kumbuka mwaka uliopita. Ni wapi palikuuma? Maumivu yalianza siku gani, na baada ya kazi gani? Andika kwenye karatasi, uje nayo dispansari tuisome pamoja. Tutakupima na shinikizo la damu.

2. Tembea dakika 30, mara tatu kwa juma. Mwezi unaofuata ongeza kidogo kidogo.

3. Imarisha tumbo na kiuno. Lala chali, kunja magoti, inua matako, hesabu hadi tano, shusha. Rudia mara kumi. Kama inaleta maumivu, acha, uje tuone.

4. Siku ya kucheza, pasha mwili joto kwa dakika kumi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zina baridi, na misuli huwa migumu. Anza kwa kuzungusha fimbo polepole. Hakikisha hakuna mtu karibu nawe.

5. Usianze na mashimo 18. Tisa yanatosha kwa Jumapili ya kwanza.

6. Mwezi wa nne radi bado zipo. Ukisikia ngurumo, ondoka uwanjani, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Usijifiche chini ya mti. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

7. Usimeze dawa ya sokoni kisha ukashika usukani. Tramadoli huleta usingizi na kizunguzungu.

Mgongo ukiuma, na mguu ukafa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukakataa kutoka, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Yule dereva alikaa majuma sita bila kuendesha. Mwaka uliofuata alikuja kwangu mwezi wa tatu, karatasi mkononi. Kiangazi kile alicheza, na kila Jumatatu alikuwa kazini, macho wazi.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndugu, sema mapema. Kapita anaweza kukupa kazi nyingine kwa siku tatu, lakini hawezi kumrudishia mwenzako uhai.