Televizyo ya batri: tuhesabu wati mbele ya kununua bafle kubwa

Hapa Ngezi, mu Bunia, muchimbaji akirudi kutoka Mongbwalu ao Iga-Barrière na mfuko umejaa kidogo, mara nyingi kitu cha kwanza ananunua ni bafle kubwa. Tunaelewa. Mu 2024, wakati Léopards walifika nusu fainali ya CAN kule Côte d'Ivoire, nani alitaka kusikia mechi kwa sauti ya chini? Lakini nyumba nyingi ziko kwa batri na paneli ya jua, na ampli ya bafle kubwa ndiyo inakula batri zaidi.

Kule Ulaya kuna watu wanasafiri mu gari-nyumba: kitanda, jiko na televizyo, vyote ndani. Nao pia wanatumia batri ya volti 12 kama sisi. Mwenye gari kama hiyo akitaka kubadilisha televizyo na sauti, anaanza na hesabu.

Basi tuhesabu. Batri ya asidi ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Tutumie nusu tu, sababu ukiimaliza kila usiku itakufa mapema. Zinabaki 600. Televizyo ya zamani, ile ya mgongo mnene, inaweza kula wati 80, dekoda 12, ampli ya volti 220 wati 150. Jumla 242. Tena konvertisa, ile inageuza 12 kuwa 220, inakata sehemu yake. Tunapata karibu saa mbili tu. Mechi ikiingia mu prolongation, kioo kinazima.

Sasa tubadilishe. Televizyo ya LED ya volti 12, inchi 24, inakula wati 30 hivi. Dekoda 12. Kwa sauti, tuchukue redio ya gari yenye tundu la AUX, na spika mbili mu sanduku za mbao: kwa sauti ya nyumba, wati 20 hivi. Jumla 62. Kama dekoda nayo ni ya volti 12, konvertisa haina kazi tena. Batri ile ile inafika saa tisa. Na paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, inaweza kurudisha wati-saa 300 ao zaidi kwa siku.

Kuna mambo ya kuchunga. Usifunge televizyo moja kwa moja kwa paneli: mu jua kali paneli ya "volti 12" inapita volti 17, na kioo kitaungua. Weka regulateri katikati. Weka fuzi karibu na batri, na waya nene, sababu kwa volti 12 amperi ziko nyingi na waya nyembamba unapata moto. Batri ya kuwashia lori haikutengenezwa kwa kazi ya usiku kucha.

Zaidi ya yote, wazazi: batri ya asidi ikipokea umeme inatoa gesi inayoshika moto. Isikae mu chumba wanamolala watoto. Na grupe usiwashe kamwe ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini.

Mutu akihamia machimbo mengine, vyombo hivi vinaingia mu sanduku moja. Bafle kubwa itangoja batri ya pili.