Mkono wa rede

Mwiko wangu wa ugali ulivunjika Jumanne jioni. Kijana wangu, ambaye mwezi ule ndio kwanza alikuwa ametimiza miaka minne, alichukua donge la unga wa chapati nililolifunika kwa kitambaa, akalikalisha juu ya kopo la maziwa, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja magoti na kupiga. Donge likaenda kujibandika kwenye mlango wa friji. Mwiko ukapasuka kuanzia kichwani mpaka shingoni. Ule mwiko nilikuja nao kutoka Tanga, nimeufunga ndani ya khanga, ukavuka bahari bila mkwaruzo.

Nilitaka kukasirika. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona jambo jingine: donge alilipiga katikati kabisa.

Kuna watoto wanaolala na mwanasesere. Wangu analala na mipira mitatu, na usiku mmoja ukidondoka kitandani nyumba nzima inaamka. Baba yake, mtu wa Mwanza na mwana Yanga wa kufa, aliziona dalili mapema na kuzitafsiri kwa namna yake. Alimnunulia jezi ya Columbus Crew, timu ya kandanda ya mji huu wa Ohio tunakoishi, akamvalisha na kumpeleka uwanjani. Mtoto alifurahi kama anavyofurahia kila kitu chenye mpira. Kisha jirani yetu akatupeleka kuwaona Clippers.

Columbus Clippers ni timu ya besiboli ya ngazi moja chini ya ligi kuu, mtoto wa kambo wa Cleveland Guardians, na inacheza Huntington Park, uwanja uliofunguliwa mwaka 2009 katikati ya mji. Zipo siku wanauza mkate wenye soseji kwa senti 10, basi watu wanakula kama wana kisasi nazo. Sisi hatukuwa na uhakika na ile nyama, tukala bisi. Mchezo wenyewe ulinichosha. Watu tisa wamesimama, mmoja anatema mate, mwingine anarekebisha kofia, kisha ghafla ko!, wote wanakimbia, halafu wanasimama tena. Baba yake alisinzia. Mtoto hakupepesa jicho. Kila gongo lilipougonga mpira alinishika mkono kana kwamba yeye ndiye aliyepiga, na tangu usiku ule kila kitu kirefu ndani ya nyumba yangu kikawa gongo.

Nilipompigia mama simu kumwambia mjukuu wake anaanza besiboli, aliuliza ndiyo nini hiyo. Nikasema ni mchezo wa gongo. Kimya.

"Gongo?"

"Gongo la mti, mama."

"Haya. Maana mimi najua gongo moja tu, la kunywa, na polisi nao wanalijua."

Nimejaribu kuliita bati. Hapo mama anadhani tunaezeka nyumba.

Kwa umri wa kijana wangu hakuna besiboli kamili. Kuna tiboli. Mpira haurushwi na mtu. Unakalishwa juu ya kijiti cha plastiki kinachofika kiunoni kwa mtoto, naye anaupiga ukiwa umetulia. Ligi ya watoto ya Marekani iitwayo Little League, iliyoanzishwa na Carl Stotz mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, inaweka tiboli kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Mpira wa wakubwa una uzito wa gramu 142 hivi na ni mgumu kama kitasa. Wa watoto una kiini laini, ukimpata mtu shavuni analia dakika mbili badala ya kupelekwa hospitali. Kila mtoto hupewa zamu ya kupiga. Mara nyingi mabao hayahesabiwi, ingawa wazazi wanahesabu kimoyomoyo na watoto wanahesabu kwa sauti, kila mmoja kwa hesabu yake.

Kujiandikisha walitaka cheti cha kuzaliwa. Ni jambo dogo. Kijana alizaliwa hapa na cheti chake kipo kwenye droo. Lakini mkono wangu ulisita kidogo juu ya ile karatasi, kwa sababu mimi mwenyewe cheti changu nilikipata nikiwa na miaka 19, tena kwa kiapo. Na kuna kisa cha besiboli kinachofanana na hicho. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi za umri na kuzaliwa hazikulingana. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapambane nao, waliona mambo yakiisha hivyo si sawa, na mwezi Januari 2012 wakasafiri wao wakaenda kucheza nao Uganda. Agosti mwaka huohuo timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ikafika Williamsport. Miaka kumi baadaye, 2022, Los Angeles Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Mume wangu nilipomsimulia alisema, "Kumbe Waganda." Basi nikamwongezea ya nyumbani: pale Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na unaitwa Koshien, jina la uwanja wa huko Japani ambako wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakicheza fainali zao tangu 1924. Alinyamaza kwa muda. Ni mtu wa haki, akishindwa anajua.

Mazoezi yalianza Aprili, na Aprili ya Ohio bado ina baridi ya kuuma masikio. Hapo ndipo tulipogundua kwamba glavu tuliyonunua ni ya mkono usio sahihi. Nilikuwa nimefikiri, kama mtu mwenye akili zake, kwamba mtoto anayetumia mkono wa kulia avae glavu mkono wa kulia. Sivyo. Glavu inavaliwa mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki mtupu kwa kurusha.

Sasa hebu fikiria. Huyu mtoto tangu ajue kunyoosha mkono nimemwambia jambo moja: pokea kwa mkono wa kulia. Akipewa pipi na mgeni kwa kushoto hali mpaka abadilishe. Nimempiga kofi dogo la mkono, nimemrudisha mlangoni aanze upya salamu, nimefanya yote ambayo mama alinifanyia mimi pale Ngamiani, Tanga. Leo anasimama kocha, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, anamwambia kwa upole wote: pokea kwa kushoto. Mtoto akanigeukia. Nami nilikuwa pembeni kwenye kiti cha kukunja, nimejifunika blanketi, sina fatwa.

"Hapa ni mchezo," nikamwambia. "Nyumbani ni kulia."

Akakubali upesi kuliko nilivyokubali mimi. Mama yangu, nilipomweleza, alisema tu, "Na kula atakula kwa ule mwingine?" Nikamhakikishia.

Kudaka ndiyo kazi ngumu. Mtoto wa miaka minne hadaki kwa viganja. Anaukumbatia mpira kifuani, macho ameyafumba, na hilo si uoga wala uzembe. Macho na mikono yake bado havijafunzwa kukutana na kitu kinachokuja kwa kasi. Kwa hiyo hatukuanza na mpira wa kweli. Nilimviringishia soksi sakafuni, kisha nikashona kimfuko cha mchele kisichodunda wala kukimbia, kisha ndipo ukaja mpira laini, wa karibu, kutoka chini kwenda juu.

Katika kurusha ndipo mambo yalipogeuka nyumbani kwetu. Baba yake, aliyecheza winga mpaka kidato cha sita, anarusha mpira kama mtu anayemwaga ndoo ya maji machafu. Hana kosa. Mvulana wa Kitanzania anakua na miguu. Mkono wake wa michezo ni wa kipa na wa mpira wa kurusha basi. Siku moja uani mpira ulinijia, nikauokota na kuurudisha bila kufikiri. Ukatoka mkononi mwangu ukiimba, ukampita mume wangu sikioni, ukagonga uzio. Jirani yetu, yuleyule wa soseji za senti 10, akauliza nimecheza besiboli wapi.

Nimecheza rede, ndugu yangu. Kwa msiojaliwa kukulia kwenye mitaa ya Tanzania: wasichana wawili wanasimama ncha mbili, wa tatu yuko katikati na chupa tupu mchangani. Wale wawili wanamrushia mpira uliotengenezwa kwa soksi kuukuu na mifuko ya nailoni, nao wanataka umpate. Yeye anakwepa huku akijaza chupa mchanga, gao baada ya gao. Ukipigwa unatoka. Nimerusha mpira wa soksi tangu nikiwa na miaka sita mpaka kifua kiliponiambia niache kukimbia mitaani. Bega la pembeni likimtazama unayemlenga, mguu wa upande wa pili mbele, kiwiko kinatangulia, kiganja kinamaliza. Kocha mwenye ndevu nyekundu aliwaeleza watoto maneno hayohayo, hatua kwa hatua, kwa kibao chenye picha.

Sikuambiwa kwamba ule ulikuwa ujuzi. Kandanda ya kaka zangu ndiyo iliyoitwa michezo. Rede iliitwa kucheza tu. Hata huku Marekani haikuwa rahisi: wasichana hawakuruhusiwa Little League mpaka 1974, baada ya kesi ya New Jersey iliyotokana na binti aitwaye Maria Pepe, aliyeondolewa kwenye timu yake ya Hoboken.

Wala si wasichana peke yao waliofungiwa nje. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, anayekuja kumtazama mjukuu wake na thamosi ya kahawa, ndiye aliyenisimulia habari ya mji wa Charleston. Mwaka 1955, timu ya watoto weusi wa YMCA ya Mtaa wa Cannon ilijiandikisha kwenye mashindano ya South Carolina. Timu za wazungu zikajitoa, zote, wasicheze nao. Kwa hiyo watoto wakawa mabingwa bila kurusha mpira, kisha wakaambiwa kanuni haiwaruhusu kusonga mbele kwa ushindi wa mezani. Walialikwa Williamsport kama wageni. Wakakaa kwenye viti na jezi zao, wakatazama wenzao wakicheza, na watazamaji wakapaza sauti waachwe nao wacheze. Hawakuachwa. Mzee alipomaliza akafunga kifuniko cha thamosi, akasema mjukuu wake anashika gongo vibaya, mikono imekaa mbalimbali.

Wapo wazazi hapa wenye haraka. Mmoja, mtoto wake ana miaka mitano, ameshamtafutia mwalimu wa kulipwa na anauliza habari za timu za kusafiri. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema wengi huwa tayari kwa michezo ya kupangwa wakikaribia miaka sita, na wanashauri kutoshikilia mchezo mmoja mpaka ujana umekolea. Mkono wa mrushaji unachakaa; ndiyo maana hata mtoto wa miaka 7 au 8 katika Little League amewekewa ukomo wa kurusha mara 50 kwa siku. Wangu Jumatatu anapiga mpira kwa mguu na baba yake, Alhamisi tiboli, siku nyingine zote anaruka kwenye kochi langu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka mitatu au minne atikisike dakika 180 kwa siku. Kochi hilo lingeweza kutoa ushahidi.

Na mechi zenyewe? Zamu yangu ya vitafunio nilipeleka maandazi ya iliki. Wakaniuliza kama yana karanga, nikasema hayana, yakaisha kabla watoto hawajavua kofia zao ngumu. Uwanjani, mpira ukipigwa, wote wanauendea, wa timu zote mbili, kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja anaupata, analala juu yake. Mwingine amechuchumaa anachimba mchanga, kazi ya maana kuliko zote.

Ila majira ya joto, jioni zinapokuwa ndefu, uani kwetu watoto wa mtaa wameanza rede. Niliwafundisha mimi. Mipira miwili ya soksi, chupa ya maji, wavulana kwa wasichana, Mnepali mmoja, Wakongo wawili wanaonijibu kwa Kiswahili chao kitamu, na wangu katikati, anajaza mchanga na kukwepa. Anakwepa vizuri kuliko nilivyokwepa mimi.

Jumamosi iliyopita mpigaji wa upande wa pili, msichana mwenye nguvu, aliupiga mpira ukanyooka moja kwa moja kwa kijana wangu. Ulikuwa wa kudaka tu. Kocha akapiga kelele, baba yake akasimama, mzee wa thamosi akasimama. Mtoto akautazama ukija, akausubiri mpaka wa mwisho, akapinda kiuno, mpira ukampita ubavuni bila kumgusa. Akainama, akachota mchanga kwa mkono wa kulia, akatugeukia akicheka, akitafuta chupa.

"Huyo," mume wangu akaniambia, "ni wako."