Kisigino kinauma? Tambua panapouma na saa panapouma

Wengi wanaokwenda hospitali kwa maumivu ya kisigino hutarajia kupigwa eksirei. Daktari makini huanza na maswali mawili: panauma wapi hasa, na panazidi saa ngapi? Mara nyingi majibu hayo humwonyesha chanzo kabla mgonjwa hajavua viatu.

Jibu linalosikika kuliko mengine ni hili: panauma chini ya kisigino, kwa upande wa ndani, na asubuhi ndiyo balaa. Mtu akishuka kitandani huchechemea hadi chooni. Akitembeatembea, maumivu hupungua. Akikaa kwenye daladala nusu saa kisha akashuka, yanaanza upya, na jioni baada ya kusimama kutwa hurudi kwa kishindo.

Kinachouma hapo ni planta fashia, utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa chini ya wayo hadi vidoleni. Unafanya kazi ya ugwe kwenye upinde: huzuia tao la wayo lisibonyee tunapokanyaga. Ukivutwa kupita kiasi siku nenda siku rudi, nyuzi zake huchakaa na kuchanika kidogo kidogo pale zinaposhikana na mfupa. Usiku, wayo ukiwa hauna mzigo, utando hukaza. Hatua ya kwanza ya asubuhi huuvuta ghafla, ndipo mtu anapiga ukelele. Takriban mtu 1 kati ya 10 hupatwa na tatizo hili maishani, zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60.

Walio hatarini ni wanaosimama kwa saa nyingi kwenye saruji au malumalu: mama lishe, mwalimu, muuguzi, mlinzi. Hatari huongezeka kwa wenye uzito mkubwa, misuli ya mashavu ya miguu iliyokaza, nyayo bapa au zenye tao la juu mno, na kwa wanaovaa kandambili zilizolika. Yumo pia mkimbiaji aliyeongeza kilomita kwa pupa akijiandaa na mbio ndefu.

Mfupa na gauti vinaposingiziwa

Eksirei huweza kuonyesha kimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, na mgonjwa akaondoka akiamini hicho ndicho kinachomchoma. Lakini wapo wengi wenye kimfupa hicho wasioumwa kabisa, na wapo wanaougulia maumivu bila kuwa nacho.

Gauti nayo husingiziwa sana, na mtu akaacha nyama nyekundu bila sababu. Kwa kawaida gauti huvamia kiungo kimoja ghafla, mara nyingi kwenye shina la kidole gumba cha mguu, kikavimba na kupata moto. Maumivu ya asubuhi yanayopungua ukitembea hayafanani na hayo.

Panapouma pengine

Kukiuma nyuma ya kisigino, shaka huangukia kano ya Achilles, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Hapa daktari anahitaji kujua pia dawa ulizotumia karibuni. Antibiotiki za kundi la siprofloksasini, ambazo wengi hujinunulia dukani, zinaweza kudhuru kano hiyo hadi ikakatika. Ukianza kusikia maumivu hayo ukiwa kwenye dozi, isitishe na uwasiliane na daktari siku hiyohiyo.

Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya mpira huenda ana mvutano kwenye sehemu ya mfupa inayoendelea kukua. Hupona akipunguziwa michezo na kupewa viatu laini.

Usikae nyumbani iwapo kisigino kinauma sana kikibanwa pande zote mbili, kwa kuwa mfupa waweza kuwa na ufa. Iwapo kuna homa, uvimbe au maumivu yanayokukosesha usingizi. Au iwapo mguu unakufa ganzi. Mwenye kisukari asisubiri. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili huku mgongo ukikakamaa kila asubuhi achunguzwe ugonjwa wa baridi yabisi wa uti wa mgongo.

La kufanya

Kwa tatizo la planta fashia, tiba huanzia kitandani, kabla ya kukanyaga chini. Keti, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha vuta vidole kuelekea kwenye ugoko. Papasa unyayo kwa mkono mwingine: utausikia utando umekakamaa chini ya vidole vyako. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na unyooshe pia misuli ya shavu la mguu kwa kuegemea ukuta.

Zoezi la pili lilipimwa na watafiti wa Denmark waliochapisha matokeo yao mwaka 2014. Simama kwenye ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo lililoviringishwa na kisigino kikining'inia. Jiinue kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3; siku moja fanya, inayofuata pumzika. Baada ya miezi mitatu, waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu, ingawa kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalilingana.

Jioni, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika 10. Vaa viatu vyenye soli nene na laini hata ndani ya nyumba. Vidonge kama diklofenaki ni vya siku chache, kwani vikizoeleka huumiza tumbo na figo. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwarudiwa inaweza kuchana utando na kupunguza mafuta yanayokinga kisigino.

Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa. Kinachowaangusha wengine ni kuacha mazoezi wiki ya pili kwa kuwa hawajaona tofauti. Jipe angalau wiki sita. Usipoona nafuu yoyote, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akaangalie unavyotembea na viatu unavyovaa kila siku.